Aliniuliza: Maana au Sauti?

Kosa ni langu. Naanza hapo kwa sababu najijua. Nikianza na vita, au na askari, au na shida za Garissa, nitajificha nyuma yake, nanyi mtanihurumia kabla hamjasikia nilichofanya. Vita havikunifumba mdomo. Niliufumba mwenyewe.

Jina langu silitoi. Rafiki yangu nitamwita Bashir, ingawa si jina lake. Nimekaa na jambo hili miezi mingi bila kumwambia mtu, na sasa nakuambia wewe usiyenijua, kwa kuwa wanaonijua bado wananisifu.

Nina miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi pale Garissa, mwalimu asiye na cheti. Sekondari sikuingia. Masomo yake niliyafanya kwa posta, peke yangu, nikiwa na kamusi moja isiyo na jalada. Na nina ugonjwa mmoja: siwezi kuvumilia kosa. Nikiandika ukurasa likaingia doa la wino, naurarua, naanza upya. Barua ya kuomba kazi niliinakili mara sita. Watu huita hiyo bidii. Si bidii. Ni woga uliovaa shati safi.

Mwaka jana ilitufikia habari kwamba chuo kimoja cha Nairobi kingechukua walimu kwa kozi ya juu, kozi ambayo kwa kawaida huingia wenye shahada tu. Kwa mwaka huo mmoja, walimu wa wilaya zetu wangekubaliwa hata bila shahada, mradi wafanye mtihani ule ule wa wenye shahada. Kulikuwa na hesabu, kulikuwa na insha, na kulikuwa na sehemu iliyotutoa jasho: maneno. Unapewa sentensi yenye pengo, na chini yake maneno manne. Uchague moja la kuziba pengo. Yote kwa Kiingereza, lugha ambayo kwetu hakuna anayeota ndoto kwayo.

Huenda unasoma haya mahali penye amani, kwa hiyo nikueleze mtihani ule ulikuwa nini kwetu. Huwezi kutoka Garissa bila pasi. Jua likizama ni kafyu. Wafugaji wamekusanywa katika vijiji vilivyozungushiwa miiba na waya, getini askari, asubuhi mnahesabiwa, jioni mnahesabiwa. Sasa mwalimu atakayefaulu angepewa pasi ya kwenda Nairobi, na kama ana familia, angepewa chumba cha kuishi nayo huko.

Mimi sikuwa na familia. Bashir alikuwa nayo.

Alikuwa amenizidi miaka tisa. Alifundisha darasa la kwanza ndani ya kijiji kimoja cha waya, maili nne kutoka mjini, kwenye kibanda kisicho na ukuta. Alikuwa na mke na watoto watatu, na yule mdogo alikuwa anakohoa. Watu, mbuzi na ng'ombe wachache waliobaki walilala ndani ya ua mmoja, na vumbi la samadi halikutulia mchana wala usiku. Mganga wa zahanati alimwambia Bashir dawa ya kikohozi kile ni kumtoa mtoto pale. Bashir alinieleza huku akicheka, kama mtu aliyeambiwa dawa ni kuhamia mwezini.

Mara mbili kwa wiki alipewa pasi ya saa chache aje mjini kuchukua chaki. Chaki aliichukua kwa dakika tano. Saa zilizobaki alikaa nami tukisoma. Aliniita Profesa. Akifika mlangoni husema, "Profesa, mwanafunzi wako mzee amekuja, mpe chai kwanza, akili yake imebaki kizuizini." Alikuwa hodari wa hesabu kunishinda mbali. Insha zake zilikuwa nzuri. Kilichomtisha ni maneno tu.

Nami nikasema nitamfundisha maneno. Ole wangu!

Nilikuwa na kijitabu kimoja cha zamani cha maswali ya namna ile, nilichoachiwa na mwalimu mgeni aliyerudi kwao vita vilipopamba moto. Maswali thelathini. Ukurasa wa majibu mchwa walikuwa wameula, yakabaki majibu ya maswali kumi ya kwanza. Kumi tu. Nikayatazama majibu yale kumi majuma mawili mfululizo nikitafuta siri yake, kwa kuwa niliamini lazima ipo siri, kanuni moja isiyokosea.

Na kanuni nikaipata nyumbani.

Mashairi yetu ya Kisomali hufungwa kwa sauti. Mshairi akianza na sauti ya D, kila mstari mpaka mwisho ni lazima uwe na neno linaloanza na D. Ndiyo maana mtu akisahau neno katikati ya shairi hapotei. Hulitafuta kwa sauti, na neno linakuja. Mama yangu mdogo, habaryar, ndiye aliyenilea, na tulipokuwa wadogo alikuwa na mchezo huo. Anaghani shairi refu, anameza neno moja, nasi tunapiga kelele kulitaja. Sikuwahi kukosa. Watoto wengine walilia, mimi nilijibu.

Basi siku moja nikiwa nasoma sentensi za kile kijitabu kwa sauti, nikasikia kitu. Nitakupa mfano kwa Kiswahili, ingawa zenyewe zilikuwa za Kiingereza. "Kwa kuwa mvua haikunyesha na mifugo mingi ikafa, wafugaji walijawa na...", kisha pengo. Maneno ya kuchagua: kicheko, majonzi, ushindi, wivu. Sikiliza: mvua, mifugo, mingi. Sauti ni M. Jibu ni majonzi! Nikageuza ukurasa wa majibu, na kweli, lile lenye sauti ya wenzake ndilo lililokuwa sahihi. Nikajaribu la pili, la tatu. Katika yale kumi, sita yalikubali.

Mtu mwenye akili timamu angeuliza kuhusu yale manne. Mimi niliyatungia sababu. Hili ni la pekee kwa sababu lina jina la mahali. Lile sauti yake inahesabiwa kuanzia neno la pili. Mwezi ulipokwisha kanuni yangu ilikuwa na vijikanuni saba, nimeviandika kwa wino mwekundu, mistari imenyooka, doa hakuna. Ilikuwa nzuri kuitazama. Nadhani uzuri ule ndio uliokuwa ushahidi wangu.

Nilipomfundisha Bashir, aliruka. Alijua mashairi mengi kuliko mimi. Jambo lililokuwa likimtia hofu likawa ghafla jambo la kwao, la nyumbani. Alisema kumbe Wazungu nao ni watu. Mwalimu mkuu aliposikia akanipa alasiri nzima niwaeleze walimu wote. Nilisimama ubaoni nikiwa na shati nililolipiga pasi mara mbili, wakanipigia makofi. Sijawahi kupigiwa makofi maishani kabla ya siku ile. Kati yao wote, Bashir peke yake ndiye aliyekuwa ameandikishwa mtihani pamoja nami.

Habaryar peke yake hakupiga makofi. Nilimweleza akiwa anasafisha vibuyu vyake vya maziwa kwa moshi. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Mshairi wetu amejifunga kwa sauti mwenyewe, mbele ya watu, na akikosa atachekwa hadi kaburini. Hao waliotunga maswali yako, nani aliwafunga?"

Nikamwambia mambo ya vitabu ni tofauti. Akasema haya, na akaendelea na vibuyu.

Sasa sikiliza siku zenyewe, maana hapa ndipo ninapohukumiwa.

Jumamosi, msafara wa malori uliingia kutoka Nairobi chini ya ulinzi, na ndani ya mfuko wa posta kulikuwa na kijitabu kipya nilichokiagiza zamani hadi nikakisahau. Maswali arobaini, majibu yote, na maelezo. Mtihani ulikuwa Alhamisi.

Nilikaa chini kuifurahia kanuni yangu. Sentensi ya kwanza ilikuwa kama hii: "Ingawa hakimu husifiwa kwa haki, hukumu yake ya jana ilijaa...", kisha pengo. Maneno: hekima, dhuluma, subira, furaha. Hakimu, haki, hukumu. Sauti ni H, nani asiyesikia? Nikaandika hekima. Jibu lilikuwa dhuluma.

Nikasoma maelezo. Hakuna lolote juu ya sauti. Walisema: ziba maneno manne kwa kiganja, usiyaone. Isome sentensi kama mtu anayezungumza nawe. Tafuta neno linaloigeuza njia. Ukiona "ingawa", jua mwisho utapingana na mwanzo. Ukiona "kwa kuwa", jua mwisho utaufuata mwanzo. Sema neno lako mwenyewe, hata liwe la kawaida namna gani. Kisha ondoa kiganja, utafute ndugu yake kati ya yale manne. Basi. Hakimu anasifiwa kwa haki, ingawa, kwa hiyo jana hakutenda haki. Mtoto angeliona!

Nikaipima kanuni yangu kwa maswali yote arobaini. Ilipata kumi na moja. Mbuzi akichagua kwa kwato angepata kumi.

Sikulia. Jambo la kwanza lililonijia halikuwa Bashir. Naandika haya nikiona aibu: jambo la kwanza lilikuwa ubao, na shati, na makofi.

Jumapili nilichukua pasi nikatoka kwenda kwake. Kizuizini wakaniambia njia imefungwa, kumesikika risasi upande ule asubuhi. Unajua nilihisi nini? Nafuu. Watu wamepigwa risasi, na mimi nimeona nafuu kwamba sitalazimika kusema nimekosea.

Jumatatu njia ilifunguliwa. Lori la maji lilikuwa linakwenda kijijini kwake na dereva alinijua. Sikupanda. Nilijiambia siwezi kwenda na maneno mdomoni tu, nimwandikie maelezo yote vizuri, na mifano, aweze kusoma mwenyewe. Nikaandika. Mstari wa tisa ukaingia doa. Nikararua. Jumanne nikaandika tena, mfano mmoja haukunipendeza, nikararua. Kila nilipokaribia kumaliza mkono wangu ulipata sababu. Na kati ya karatasi moja na nyingine, mimi mwenyewe nilikuwa nafanya mazoezi ya njia mpya. Ziba, soma, sema neno lako. Kufikia Jumanne jioni nilikuwa nakosa mawili tu katika kumi.

Soma tena hapo. Nilikuwa najifunza mwenyewe njia ambayo sikumpa.

Jumatano Bashir alikuja mwenyewe. Aliomba pasi akapewa saa mbili. Kama ningekuwa peke yangu, nadhani ningesema. Nasema nadhani, kwa sababu siku hizi sina hakika na lolote zuri juu yangu. Lakini alinikuta ofisini kwa mwalimu mkuu, tunakunywa chai, na mwalimu mkuu akamkaribisha kwa furaha, akamwambia aketi karibu na mgunduzi.

Bashir hakufanya mzaha siku ile. Alitoa kijikaratasi mfukoni.

"Walaal, kuna kitu kinanisumbua," akasema. Hakuniita Profesa, aliniita ndugu. "Nimejitungia sentensi za mazoezi. Kuna mahali maana inanivuta huku na sauti inanivuta kule. Kesho nikifika mahali kama hapo, nifuate ipi? Maana au sauti?"

Yaani alikuwa ameligundua peke yake! Bila kijitabu, bila maelezo, ndani ya waya, mtoto anakohoa kando. Alikuwa amesimama mlangoni mwa jibu akiomba nimruhusu aingie.

Mwalimu mkuu alikuwa ananitazama akitabasamu. Akasema, "Muulize mwenyewe, ndiye mwenye kanuni."

Nikasema, "Fuata sauti."

Akaniuliza kama nina hakika.

Nikasema, "Nina hakika."

Akakikunja kijikaratasi, akashukuru. Chai yake hakuimaliza, pasi ilikuwa inakwisha. Nilimtazama kupitia dirishani akitembea kwa haraka kuelekea kizuizini, na miguu yangu haikuondoka chini ya meza.

Alhamisi tulipanga mstari nje ya darasa, askari wakitupekua mmoja mmoja, viatu na kofia. Bashir alikuwa mbele yangu, watu watatu kati yetu. Nilikuwa nimejiapiza usiku kucha kwamba nitamwambia pale, maneno mawili tu, fuata maana. Nikamwita kwa sauti ya chini. Akageuka. Askari akasema anayezungumza atarudi nyumbani. Nikanyamaza, nikaangalia chini, na wallahi sijui hadi leo kama nilimwogopa askari au nilimshukuru.

Ndani alikaa upande wangu wa kulia. Tulipofika sehemu ya maneno niliona midomo yake ikicheza. Alikuwa anazitaja sauti. Aliandika kwa haraka, bila wasiwasi, kama mtu anayeghani shairi analolijua. Mimi niliziba maneno kwa kiganja cha kushoto. Niliyafunika vizuri, kwa kiganja na mkono mzima hadi kiwiko. Nilikuwa nafunika maneno manne, au namfunikia yeye? Hilo nalo silijui.

Alimaliza kabla yangu. Akanitazama, akatabasamu.

Matokeo yalikuja baada ya majuma saba. Mimi nilifaulu. Bashir alipita hesabu kwa alama za juu kuliko zangu, akapita insha, akaanguka sehemu ya maneno. Barua yake ilisema hivyo waziwazi. Nilikwenda kwa ofisa wa elimu nikamwomba nafasi yangu apewe yeye. Akaniambia nafasi si blanketi, haiazimwi. Na mwakani nafasi za wasio na shahada hazitakuwepo. Walimu wenzangu waliposikia nimekwenda kuomba vile wakanisifu kwa utu. Sikuwasahihisha.

Siku mbili kabla ya kusafiri nilipata pasi nikaenda kijijini. Tulikaa kando ya ua wa miiba. Mkewe alituletea chai ya rangi, maziwa yalikuwa ya watoto. Bashir alikuwa ananipongeza, ananiambia Nairobi ni baridi ninunue sweta. Sikuweza kuendelea kumsikiliza. Nikamwambia yote. Kanuni ilikuwa upuuzi, nilijua, sikusema.

Aliweka kikombe chini. Kisha akauliza, "Ulijua lini?"

"Jumamosi."

"Nami nilikuuliza Jumatano."

Nikaitazama miiba ya ua.

"Kukosea ni kitu kidogo," akasema. "Mimi mwenyewe niliipenda ile kanuni, labda ningecheka. Lakini nilikuuliza, walaal. Nilikuuliza kwa neno lenyewe."

Nilidhani atanifukuza. Nilitamani anifukuze. Badala yake alitwaa kijiti, akasafisha mchanga kwa kiganja, akasema, "Haya, nifundishe ya kweli."

Nikamwandikia sentensi ya hakimu mchangani. Nikamweleza: ziba, soma, tafuta neno linalogeuza njia, sema lako. Akasoma mara moja, akasema lazima ni kinyume cha haki. Nikamwandikia ya pili, ya tatu, ya nne. Alizipata zote. Ya tano aliitunga yeye, akanipa mimi, na ilikuwa ngumu kuliko zote za kijitabuni. Mtoto wake mdogo alikuja akamkalia mapajani, akikohoa, na Bashir akaendelea kuandika kwa mkono mmoja.

Filimbi ya kuhesabiwa haikuwa imepigwa bado. Chai ilikuwa haijapoa. Robo saa! Haikuzidi robo saa!

Akasimama, akafuta mchanga kwa mguu, akanipa mkono. Hakuniita Profesa wala walaal. Alisema safari njema, akaenda kumwosha mtoto uso.

Naandika kutoka Nairobi. Barua nne nimemwandikia, hajajibu hata moja. Habari za mtoto nazipata kwa habaryar, naye huniambia tu kwamba bado wako kule kule. Darasani hapa wananiona mwanafunzi safi, wa mfano. Nikiulizwa swali na mwenzangu nami sijui, siku hizi nasema sijui, kwa sauti ya kusikika hadi nyuma. Wananicheka kidogo. Wamechelewa: kicheko hicho nilikihitaji Garissa.

Wewe unayewafundisha wenzako, hata kama ni mmoja tu, hata kama ni jirani anayejifunza kuandika jina lake: siku utakapogundua ulimfundisha uongo, usingoje upate maneno mazuri. Usingoje mkiwa wawili. Mwambie mbele ya aliyekusifu, mwambie ukitetemeka, lakini mwambie kabla hajaingia kwenye chumba ambamo huwezi kumfuata. Mimi nilihitaji robo saa, na nilikuwa na siku nne.